Mwanamke wa Simu Sitini na Moja

Simeo Hiza alishuka Mkata saa tatu asubuhi, goti la kushoto likimuuma kama kawaida yake, akasimama kando ya barabara kuu akisubiri basi liondoke na vumbi lake. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Shingoni alining'iniza kitambulisho chenye picha yake na nembo ya kampuni ya mbegu, na ndani ya mkoba alibeba tableti aliyokabidhiwa juzi, chupa ya maji na daftari. Hili lilikuwa dodoso lake la kumi na moja. Alikwisha kuwauliza watu habari za vyandarua, vyoo, sabuni na redio wanazosikiliza. Safari hii alitumwa kuuliza jambo ambalo hakuwahi kudhani kama kuna mtu anaajiriwa kuliuliza: una watu wangapi kwenye simu yako?

Aliyemtuma ni Grace, binti wa miaka ishirini na minane aliyeletwa Korogwe kutoka Dar es Salaam kuifungulia kampuni njia. Alimpokea vizuri ofisini, akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti, kisha akamweleza.

"Mzee Hiza, tunatafuta mtu mmoja maarufu, wa Mkata au Kwaluguru, wa kuanza naye. Huyo ndiye tutampa shamba la maonyesho, na ndiye atakayetutangazia mbegu. Zamani mngekwenda kumuuliza mwenyekiti wa kijiji. Siku hizi mtu akikufungulia simu unajionea mwenyewe. Majina mangapi kwenye wasapu, makundi mangapi. Wewe unajaza tu, tableti inajumlisha na kumpa alama zake."

"Na asiye na simu ya namna hiyo?"

"Huyo hatumhitaji kwa sasa, mzee wangu."

Simeo hakubisha. Alikuwa amechoka kubisha tangu mwaka tisini na saba. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, yeye ndiye aliyekuwa bwana shamba wa upande huu. Serikali ilimpa baiskeli na koti la mvua, naye akazunguka Kwaluguru na Kwamsisi msimu hadi msimu, akipasua mabua ya watu kutafuta funza, akionyesha nafasi ya mche na mche kwa kamba yenye mafundo. Kisha ikaja barua ya kupunguzwa kazini. Waliambiwa soko litafanya kazi ile, kwamba wenye maduka ya pembejeo watawaelimisha wakulima wenyewe. Alirudi Korogwe, akafungua kiduka cha dawa za mimea pale Manundu, kikafa. Baada ya hapo akawa mtu wa madodoso.

Siku ya kwanza watu walicheka, na walipomaliza kucheka wakaona aibu. Mama aliyeuza mihogo ya kuchemsha kituoni alikuwa na majina kumi na manne, akaifunika simu kwa kiganja kana kwamba Simeo amemchungulia akioga. Mzee wa kanisa alikuwa na mia mbili na tatu, akajitetea haraka kwamba wengi ni wanakwaya. Fundi cherehani aliomba arudie kuhesabu mara mbili. Siku ya pili habari ilikwisha kuenea kwamba kuna mzee anapima nani anapendwa na watu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vijana wa stendi walianza kuwaomba namba abiria wa mabasi kupitia dirishani. Muuza machungwa mmoja alimzuia kwa mkono.

"Mzee, mimi usinihesabu leo. Pitia keshokutwa, nitakuwa nimefika mia tatu."

"Unawaandikia nini hao mia tatu?"

"Kwani dodoso limeuliza hilo?"

Halikuuliza. Simeo akaandika alichoandika na kusonga mbele.

Aliyewazidi wote alikuwa Leboo, kijana wa Kimasai, dalali wa ng'ombe mnadani. Simu yake ilikuwa na majina elfu moja mia moja na arobaini. Alimwonyesha Simeo bila majivuno, akiisukuma orodha kwa kidole gumba, nayo ikapanda na kupanda kama kamba ya kisima isiyo na ndoo.

"Unawajua wote hawa?" Simeo aliuliza.

"Mzee, hata nusu siwajui. Huyu ameandikwa 'Ng'ombe Mweusi Chalinze'. Aliuza ng'ombe mweusi. Au alinunua, sikumbuki." Leboo akacheka. "Mwezi uliopita nililazwa siku nne. Simu ililia kutwa nzima. Wote walikuwa wanauliza bei."

Jioni ile, katika nyumba ya wageni, Simeo aliitazama tableti ikimpa Leboo alama tisini na nane kwa mia, akaona kazi anayofanya ni ya kijinga. Hilo halikumshtua, maana madodoso mengi yalikuwa ya kijinga. Lakini haya yalikuwa mahindi, na mahindi ndiyo kitu pekee alichowahi kukijua sawasawa maishani. Asubuhi iliyofuata, kila alipomaliza maswali ya kampuni, aliweka tableti mkobani, akatoa daftari, akauliza swali lake mwenyewe: "Mahindi yako yakipata shida, unamwandikia nani?"

Watu walijibu bila kufikiri. Mmoja alisema Mama Mahindi. Mwingine alisema Mtaalamu. Wa tatu alisema kuna shangazi mmoja, amemwandika Shangazi Shamba. Simeo aliyaandika yote akidhani ni watu mbalimbali, mpaka alipopata wazo la kuomba na namba. Ilikuwa namba moja. Alipofunga hesabu ya siku tano, kati ya watu mia moja thelathini na saba aliowauliza swali hilo, sitini na mmoja walikuwa wanamwandikia mtu yule yule, mwanamke wa Kwaluguru aitwaye Mwantumu.

Alichukua bodaboda alasiri ya siku iliyofuata. Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi ya mbegu kwa vidole. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, kanga imefungwa kifuani, macho mekundu ya mtu asiyepata usingizi wa kutosha. Simeo alipiga hodi. Yule mama aliinua uso, akamtazama muda mrefu kuliko ilivyo kawaida kumtazama mgeni.

"Bwana Shamba?"

"Ndimi, mama."

"Shikamoo Bwana Shamba! Karibu. Umezeeka."

"Marahaba. Nimezeeka, sikatai."

Akamletea kiti na maji ya kunywa. Simeo alijitahidi kumkumbuka akashindwa. Mwantumu akamsaidia mwenyewe. Alikuwa mke mdogo wa marehemu mzee mmoja wa kule bondeni. Ndiye aliyekuwa akishika upande wa pili wa kamba ya mafundo Simeo alipokuja kuwafundisha kupanda kwa mistari. Na siku Simeo alipokuja kuaga, na barua yake mfukoni, aliwaachia vijitabu sita vya wizara kwa sababu hakuona faida ya kuvibeba. Vitano vilifungiwa karanga. Cha sita alikichukua yeye.

"Nilikisoma mpaka kikaachia kurasa," alisema. "Kisha jirani yangu akapata funza, nikamwambia kilichoandikwa. Ikamsaidia. Akamwambia dada yake. Ndivyo ilivyoanza, Bwana Shamba. Simu zilipokuja za picha, basi tena."

Kama vile imesikia ikitajwa, simu ikalia ndani ya kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kinu. Ikalia tena, na tena, ikitetemesha kopo. Mwantumu hakuigusa.

"Naiweka humo ili nisiisikie sana," alisema.

Simeo akatoa tableti. Kwa sababu ya utaratibu tu akamuuliza swali la kampuni: ana majina mangapi? Mwantumu akaleta simu, akamfungulia. Yalikuwa tisa. Kwa alama za tableti, alikuwa wa mwisho kabisa kati ya wote waliohojiwa, nyuma hata ya mama wa mihogo. Wale sitini na wengine zaidi hakuwa amewaandika majina. Walimjia kama namba tupu, mstari juu ya mstari, kila mmoja na picha yake ya jani lenye michirizi ya njano, bua lililotobolewa, gunzi lililoota ukungu.

Simeo akamweleza alichogundua. Alimwambia kuna kampuni inatafuta mtu ambaye watu wanamsikiliza, na kwamba kwa daftari lake hakuna anayemkaribia yeye. Watampa shamba la maonyesho, fulana, mafunzo Morogoro, na simu bora kuliko ile. Aliyasema kwa furaha kidogo, kwani ni mara chache mtu wa madodoso hupata habari njema ya kumpelekea aliyemhoji.

Mwantumu aliendelea kupukuchua.

"Wakishanitangaza, nitaulizwa na watu wangapi?"

"Wengi zaidi. Ndiyo maana yake."

"Basi naomba usilipeleke jina langu."

"Mama, hii ni bahati…"

"Sikiliza, Bwana Shamba." Aliweka gunzi chini. "Mimi sina cheti. Mwaka juzi mtu wa Kwamsisi alinitumia picha, nikaiangalia kwa haraka, maana nilikuwa na mgonjwa ndani. Nikamwambia ni ukame, asubiri mvua. Haukuwa ukame. Ekari tatu zote ziliharibika. Nilidhani atakuja kunitukana. Hakuja. Wiki iliyofuata akanitumia picha nyingine, ya maharage." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, si kwa kulia, ila kwa vumbi la mahindi. "Angenitukana ningepumzika. Wananiamini tu. Kila siku wananiamini. Mimi nikikwama nimuulize nani?"

Mwantumu akarudi kwenye yale majina tisa, akamgeuzia simu. La nne kutoka juu liliandikwa Bwana Shamba Hiza.

Hapo ndipo Simeo alipokumbuka. Miaka minne nyuma kulikuwa na msiba Mkata, akahudhuria, na mwanamke mmoja katika umati akamwomba namba. Alimpa. Miezi michache baadaye simu ile iliibwa stendi ya Korogwe, naye akanunua laini nyingine bila hata kujisumbua kurudisha ile ya kwanza. Nani angemtafuta?

Jumbe zilikuwa ishirini na mbili. Alizisoma zote akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika nguzo ya banda. Shikamoo Bwana Shamba, hili jani ni la ugonjwa gani. Bwana Shamba, ukiweka majivu kwenye moyo wa mche na mvua ikinyesha inabidi kurudia? Bwana Shamba, nimemwambia mtu vibaya, nifanyeje. Samahani kwa kukusumbua, najua una shughuli nyingi. Kila ujumbe ulikuwa na alama moja ya kijivu pembeni, ile inayoonyesha kwamba umetoka kwa mwandikaji lakini haukufika popote.

"Nilijua huzipati," Mwantumu alisema. "Mwanangu alinieleza maana ya hiyo alama. Lakini nikiandika nilikuwa naona kama nimeuliza."

Simeo aliondoka pale jua likielekea kuzama. Hakupeleka jina la Mwantumu. Tableti ilipeleka la Leboo.

Wiki mbili baadaye kampuni ilifanya uzinduzi Mkata. Grace alikodi hema na viti mia tatu, akaleta spika na mshereheshaji. Leboo aliwaandikia watu wake wote elfu moja mia moja na arobaini. Alikaa siku nzima akibonyeza mpaka vidole vikafa ganzi, alimwambia Simeo. Walifika watu kumi na mmoja. Wanne walikuwa ndugu zake Leboo, waliokuja kumtoa aibu, nao hawakuwa wakulima. Mmoja alikuwa yule muuza machungwa, akauliza kama soda zitagawiwa kabla au baada ya hotuba. Mshereheshaji alijitahidi kupiga kelele kwa wale kumi na mmoja kama mtu aliye uwanja wa taifa, mpaka Grace akamfanyia ishara apunguze.

Leboo alikuja kukaa karibu na Simeo, katikati ya viti vitupu. Alikuwa amevaa fulana ya kampuni, ikimbana mabegani.

"Mia nne wamenijibu," alisema taratibu. "Wameweka dole gumba. Nilidhani dole gumba maana yake wanakuja."

"Usijali, mwanangu. Kosa si lako."

"Mzee, tangu utoke na ile hesabu yako watu wananiita Elfu. Sasa wataniitaje?"

Shughuli ilipokwisha na viti kuanza kupangwa juu ya gari, Grace alimwita Simeo kando. Kope zake zilikuwa zimelowa jasho na rangi. Alionekana mdogo kuliko alivyokuwa ofisini, na amechoka kama mtu mzima.

"Mzee Hiza, watu wameniambia uliwauliza swali la ziada. Kwamba ulikuwa na daftari lako."

"Ni kweli."

"Na ulimpata mtu?"

Angeweza kusema hapana. Alikuwa mzee, na uongo mdogo kama ule usingemgharimu usingizi. Lakini hakuona sababu ya kumdanganya binti aliyekuwa anatimiza tu alilotumwa.

"Nilimpata. Nikamfuata, nikamweleza kila kitu. Amekataa, na ameniomba nisimtaje."

"Nipe mimi namba yake. Nitazungumza naye kwa upole."

"Najua utazungumza kwa upole. Ndiyo maana sikupi. Ataona vibaya kukukatalia, atakubali, kisha mtamuua kwa kazi."

Grace alitazama barabarani, malori yakipita kuelekea Segera. "Unajua naweza kumtuma mtu mwingine akaulize swali hilo hilo."

"Unaweza. Itakuchukua siku tano, kama mimi. Ila sitakuwa mimi niliyemtaja."

Alidhani atafokewa. Grace akashusha pumzi tu. "Kesho wakubwa wangu watanipigia waniulize mbona viti vilikuwa vitupu. Nitawaambia nini, mzee?"

"Waambie kwamba kujulikana na kutegemewa mlivihesabu kama kitu kimoja."

"Hawataelewa hilo."

"Basi waambie mvua ilinyesha."

Binti akatabasamu bila kutaka. Kisha akanyoosha mkono, na Simeo akampa tableti, kitambulisho na chaja. Kazi ilikuwa imeisha, wote wawili walijua, na hakukuwa na haja ya kulisema. Waliagana kwa heshima. Simeo alipanda basi la jioni, akakaa dirishani na goti lake amelinyoosha kwenye njia ya abiria, akalala mpaka Korogwe.

Mkewe, Dorkasi, alimsikiliza habari yote usiku ule wakila, naye hakumlaumu. Aliuliza tu, "Sasa hilo la kumtetea yule mama limemsaidia nini? Si bado wanamwandikia?"

Swali lile lilimkaa. Alilala nalo, akaamka nalo. Asubuhi, baada ya chai, alivaa miwani, akaandika ujumbe kwa kidole kimoja: Mama Mwantumu, huyu ni Hiza. Hii ndiyo namba yangu inayofanya kazi. Nitumie upya yale maswali yote.

Yalifika mfululizo, yote ishirini na mawili. Misimu yake ilikwisha kupita. Mimea aliyoulizwa ilikwisha kuvunwa au kuoza. Simeo aliyajibu hata hivyo, moja baada ya jingine, kuanzia la zamani. Hapa ulikuwa sahihi. Hapa pia ulikuwa sahihi. Majivu hurudiwa mvua ikisha. Hili lingenishinda hata mimi. Kwa lile la ekari tatu alikaa muda mrefu, akafuta alichoandika mara mbili. Mwishowe aliandika: Mwaka themanini na tisa nilifanya kosa kama hilo kwa kijiji kizima, na nilikuwa na cheti.

Mwantumu hakujibu kwa maandishi. Alituma sauti yake, fupi. Alisema, "Asante, Bwana Shamba," kuku wakasikika nyuma yake, kisha akauliza, "Naweza kuwapa watu namba yako? Si wote."

Simeo alishika simu akiitazama. Alijua anachoulizwa. Hakukuwa na baiskeli safari hii, wala koti la mvua, wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Goti lilikuwa limevimba. Dorkasi alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, akimtazama.

"Nipe wa Kwamsisi," alisema kwenye simu hatimaye. "Wa Kwaluguru baki nao wewe. Na ukikwama, niulize."

Saa sita haikuwa imefika, simu ikalia. Namba hakuijua. Ilikuwa picha ya mche wa mahindi ulionyauka, imepigwa kwa karibu mno hata haieleweki, na chini yake sauti ya mwanamume akimwamkia, akijitambulisha kuwa ni Petro wa Kwamsisi, akisema ameelekezwa kwake. Simeo alirekebisha miwani, akaisogeza picha huku na huku.

"Marahaba, Petro," alijibu. "Sijaona vizuri. Ng'oa mche mmoja, ukung'ute udongo, unipigie picha ya mizizi. Nipo, nasubiri."

Akaiweka simu mezani, akanyoosha mguu juu ya kiti cha pili. Kabla Petro hajarudi, zikaingia nyingine mbili.